Aliyekuja Si Aliyeandikwa

Mfumaji alikuwa amefika katikati ya figo ya Gaudensia aliposimama.

Kabla hajasimama, mtu angeweza kumtazama kutwa nzima asichoke. Alikuwa mtambo wa kioo, mkubwa kama kabati la nguo. Ndani yake mlijaa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, na ndani ya maji vilicheza vidole vya chuma vyembamba kuliko sindano. Vidole hivyo vilichukua chembe hai zilizotolewa mwilini mwa mgonjwa mwenyewe na kuoteshwa zikawa nyingi, vikazipanga safu juu ya safu, kama akina mama wa Iringa wanavyosuka kikapu cha milulu, nyasi za kinamasi: huanzia kitakoni, huzunguka, hupanda, hubana. Ila kikapu hiki kilikuwa kiungo cha mtu. Kilikuwa chekundu, kinang'aa, na ukiinama karibu ungeona vimishipa vyake vimeshaanza kunywa maji.

Katika jiji la Kihesi watu walishazoea. Mwenye ini bovu alifumiwa ini, mwenye jicho lililokufa alifumiwa jicho, akarudi nyumbani kula ugali wake. Hakuna aliyeshangaa tena, mpaka siku hiyo mchana, vidole vyote vilipoganda majini kwa pamoja na taa ya kijani ikawa ya njano.

"Mtu huyu simfahamu," Mfumaji alisema, kwa sauti ya upole kama ya mhudumu wa mapokezi.

Gaudensia Mtweve alikuwa kitandani hapo hapo pembeni, mirija mkononi, miguu imevimba. Alikuwa mpishi wa shule ya Kihesi Bonde na mama wa mapacha, na hata ugonjwa haukuwa umemfunga mdomo. Aligeuza kichwa.

"Nani humfahamu? Mimi? Tangu asubuhi unanitoboa kama chekeche, saa hizi ndiyo hunifahamu?"

"Tulia, mama," alisema Daktari Mbilinyi, lakini yeye mwenyewe hakuwa ametulia. Alibonyeza kitufe cha kuanza upya. Mfumaji akarudia maneno yale yale.

"Daktari, mwambie basi! Si unanijua? Hata paka wa jikoni kwenu ananijua."

"Mimi nakujua, Mama Pacha. Shida siyo mimi."

Na kweli shida haikuwa yeye. Mfumaji hafumi kwa kukisia. Kila mwili una ramani yake ya chembe, na ramani hiyo ilihifadhiwa na mtambo mwingine, ulioitwa Mtambuzi. Kihesi lilikuwa jiji la sehemu mbili, moja juu ya genge na nyingine chini bondeni, na kila sehemu ilikuwa na Mtambuzi wake, anayemfahamu kila aliyezaliwa upande wake: jina, damu, wazazi, ramani. Gaudensia alizaliwa Bonde. Hospitali ilikuwa Juu. Kwa hiyo Mfumaji alimwuliza Mtambuzi wa Juu, naye akamwuliza mwenzake wa Bonde, na ramani ikapanda kidogo kidogo, safu moja moja, kila safu ikifutwa baada ya kutumika. Sheria ilitaka hivyo tangu wezi walipochezea ramani za watu na mtu mmoja akafumiwa ini lisilo lake, akafa.

Sasa ramani ilikuwa imekatika njiani.

Daktari alimwita Osmunda Gama.

Osmunda alikuwa mhandisi wa utambuzi, Mngoni wa Songea, mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye mwendo wa mtu anayewahi gulio. Yeye na rafiki yake Skolastika Kikoti ndio waliowajenga Watambuzi wawili wa Kihesi, miaka ile wakiwa wasichana waliotoka chuoni, wakila mihogo ya kuchoma juu ya nyaya. Skolastika alikuwa amefariki. Osmunda alikuwa bado hajazoea kusema hivyo.

Alimtazama Mfumaji, akaitazama figo iliyosimama nusu.

"Itakaa hivi mpaka lini?"

"Jua likizama, tumeikosa," alisema daktari kwa sauti ya chini. "Chembe zisipopangwa zinaanza kuoza ndani ya maji. Na hatuna nyingine, Osmunda. Hizo ndizo zilizokuwa nzima mwilini mwake. Za kuanza upya hazipo."

"Nasikia," Gaudensia alisema kutoka kitandani. "Figo zimekufa, masikio bado."

Osmunda alimsogelea, akamshika mguu uliovimba juu ya shuka. "Basi sikia na hili. Naenda kumtafuta anayekukana. Nikimpata nitamshika sikio."

"Mshike mawili."

Chumba cha Mtambuzi wa Juu kilikuwa chini ya hospitali, cha baridi, kinavuma kama mzinga wa nyuki. Osmunda aliketi, akakunja mikono ya blauzi. Hakubahatisha. Alianza pale palipo rahisi.

Aliangalia njia kwanza. Alimtuma mjumbe mdogo, asiyebeba kitu, aende Bonde na kurudi. Mjumbe alirudi kabla Osmunda hajapepesa jicho. Waya ulikuwa mzima.

Basi tatizo lilikuwa mlangoni. Watambuzi hawa hawakuaminiana hivi hivi. Kila mmoja alikuwa na hati yake ya utambulisho, iliyopigwa muhuri na mtambo wa tatu walioukubali wote, ulioitwa Mdhamini. Walipokutana, mmoja alibisha hodi na kuonyesha hati. Mwenzake aliitazama: muhuri ni wa Mdhamini kweli? Muda wa hati haujapita? Na jina lililoandikwa, ndilo la huyu aliyesimama mlangoni? Kisha naye alionyesha yake. Wakiridhiana walishikana mikono wakaongea bila kuulizana tena. Ila mikono haikushikwa siku zote. Mara moja kwa siku waliachiana, wakaanza hodi upya, kwa usalama. Mchana ule waliachiana Mfumaji akiwa kazini, na hawakushikana tena.

Osmunda alilinganisha saa za mitambo yote miwili, maana saa ikiwa mbele au nyuma, hati nzima huonekana kama imekufa au haijazaliwa. Saa zilikuwa sawa. Alisoma muda wa hati ya Bonde. Ulikuwa haujapita, tena ulikuwa mbali. Alitazama kama Mtambuzi wa Juu bado ana mfano wa muhuri wa Mdhamini wa kulinganishia. Anao. Aliukagua muhuri wenyewe. Haukuwa na kasoro.

Daktari Mbilinyi alikuwa amesimama nyuma yake, anahema.

"Mwambie tu amkubali," alisema. "Mara moja. Asitazame hati. Huwezi kumwamuru?"

"Naweza."

"Basi fanya!"

"Nikimwambia asitazame, atakuja yeyote. Hata mashine ya kuuza maziwa stendi, maadamu ina muhuri, itapiga hodi na kusema mimi ndiye Bonde. Utajuaje kama ramani iliyoletwa ni ya Gaudensia? Utamtilia figo ya nani tumboni?"

Daktari alikuwepo hospitalini mwaka ule wa ini lisilo lake.

"Mlango siuvunji," Osmunda alisema. "Naujua, nimeujenga. Utafunguka kwa ufunguo wake."

Mtambuzi alizoeshwa kusema kwa ufupi. Alikubali au alikataa, basi. Osmunda alimwamuru aache ufupi, aseme kila anachokiona, kisha akamwita wa Bonde abishe hodi tena. Maneno yalimiminika kwenye kioo. Aliyapitisha kidole polepole, mstari kwa mstari, kama mtu anayechambua mchele. Muhuri, sawa. Muda, sawa. Kisha:

*Aliyekuja si aliyeandikwa.*

"Hapa," alisema. "Jina. Hati inasema Mtambuzi wa Bonde. Aliyebisha hodi anajiita nani?"

Mtambuzi wa Juu alijibu: "Anajiita Skolastika."

Kidole cha Osmunda kilibaki pale pale kwenye kioo. Daktari alimtazama, akatazama pembeni.

Ilibidi ampigie Aloisi, aliyekuwa msimamizi wa mtambo wa Bonde baada ya Skolastika, na tena alikuwa ndugu wa Skolastika, mtoto wa mama yake mdogo. Sura yake ilitokea kwenye kioo, kijana mwenye macho ya kukosa usingizi.

"Aloisi, mmempa Mtambuzi jina la Skola?"

"Jana, dada. Tulipomaliza arobaini. Ukoo wote ulikuwepo. Tulitaka asipotee hivi hivi. Yeye ndiye aliyemjenga, tukasema basi amrithi jina. Pombe ya ulanzi ikamwagwa, mjomba akalitamka."

"Mlilitamka tu, au uliliandika na ndani?"

"Niliandika. Kibao cha mlangoni na ndani pia. Na sauti. Tulikuwa na sauti yake nyingi kwenye kumbukumbu za kazi."

"Na hati?"

Aloisi akakuna shingo. "Hati sikuigusa. Nilijua hati inamfuata mwenyewe. Mtu akirithi jina si anabaki yule yule?"

"Mtu, ndiyo. Huyu wetu anajulikana kwa karatasi." Osmunda hakupandisha sauti. "Sikiliza. Kuna mama wa mapacha huku juu, figo yake iko nusu. Mwite Mdhamini apige hati mpya yenye jina jipya."

"Mdhamini hafunguki bila wenye funguo watatu, dada. Mmoja alikuwa Skola mwenyewe. Kiti chake hakijapata mtu."

Osmunda alilijua hilo. Alitaka tu lisemwe wazi. "Basi rudisha jina la zamani. Sasa hivi, hapo ulipo."

"Siwezi."

"Huwezi vipi? Ni mstari mmoja!"

"Bi Edigna yuko ndani," Aloisi alisema. Bi Edigna alikuwa mama yake Skolastika. "Ameingia tangu alfajiri, amekaa na mtambo, wanaongea. Akiita Skola, inaitika. Dada, mimi ni wa ukoo. Jina limetolewa mbele ya wazee. Nikilivua mimi, ni kama nimemfukua. Au niite askari wamtoe mama wa marehemu?"

"Thubutu."

"Basi unajua anayeweza."

Osmunda alijua. Ukoo wa Skola ulikuwa wa Wahehe, na Wangoni na Wahehe ni watani tangu vita vya mababu. Msibani, mtani ndiye anayeruhusiwa yale ambayo ndugu hawezi: kumkejeli maiti, kucheka watu wanapolia, kunyang'anya kitanda cha marehemu na kuondoka nacho mpaka ndugu wakikomboe. Na jina la mtambo halikubadilishwa kwa mbali. Lilibadilishwa kwa mkono, ndani ya chumba chake. Yeye na Skola walilipanga hivyo makusudi.

Alipopita wodini Gaudensia alimwona amevaa koti.

"Unakwenda wapi?"

"Bonde. Kwenu."

"Ukipita shuleni waambie maharage yatiwe chumvi mwishoni. Yule wa zamu ana haraka." Kisha akaacha mzaha, akamkazia macho. "Mhandisi. Mapacha wangu hawajajua kujifunga kamba za viatu."

"Watafungiwa na mama yao," Osmunda alisema, akatoka.

Kutoka Juu kwenda Bonde watu walishuka kwa vikapu vya waya, vyumba vidogo vya kioo vilivyoning'inia kwenye kamba ya chuma. Kikapu kilipita katikati ya ukungu, kikatokeza kwenye jua, na chini mashamba ya mianzi na mapaa ya umeme wa jua yakaonekana yakimetameta. Jua lilikuwa limeshaanza kuegemea upande wa machweo. Osmunda hakulitazama tena. Alikuwa akitafuta neno la kuingia nalo.

Arobaini hakwenda. Alikuwa zamu. Alituma salamu za rambirambi kwa mashine, zikasomwa na mashine.

Aloisi alimpokea mlangoni kwa Mtambuzi wa Bonde, akamwonyesha kwa kidevu. Kibao cha mbao kilikuwa juu ya mlango, kimechongwa vizuri: SKOLASTIKA. Osmunda alivuta pumzi, akausukuma mlango kwa nguvu.

"Hodi wenye msiba! Mngoni nimefika kuchukua changu!"

Bi Edigna alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya mtambo, nguo nyeusi, bakuli la maji miguuni, anasuka kikapu. Hakuinua kichwa.

"Mngoni gani anayefika matanga yameanuliwa? Ninyi ni wa kuchelewa tangu babu zenu. Mlifika vitani watu wameshakula."

"Tulichelewa tukiokota ngao mlizotupa mkikimbia."

Pembe ya mdomo wa yule mama ilicheza kidogo, ikatulia. "Tulikuita. Ukatuma mashine itulilie."

"Niliituma. Nilikosea, mama."

"Karibu, Osmunda," ilisema sauti kutoka ukutani. Ilikuwa sauti ya Skola, ile ile, yenye mkwaruzo mdogo kama wa mtu aliyetoka kucheka.

"Umesikia?" Bi Edigna alisema. Sasa aliinua macho, na yalikuwa yanang'aa. "Asubuhi nimemsalimia, akaitika abee mama. Nikamwuliza umekula? Akaniambia yeye hali. Anajua mzaha huyu. Kaa, mtani, uongee naye."

"Sikai, mama. Nimekuja kulivua jina."

Mikono ya Bi Edigna ikasimama.

"Toka."

"Mama..."

"Nimesema toka! Nilimzika kwa mikono hii. Kusubiri arobaini tu ilikuwa kama kumeza kaa la moto. Jana ndiyo nimemsikia tena. Leo unakuja na midomo yako ya Songea uniue mtoto mara ya pili?"

Mlangoni Aloisi alirudi nyuma hatua. Osmunda hakurudi. Alivua koti, akachuchumaa mbele ya kigoda, macho yao yakawa sawa. Akashika milulu iliyokuwa inaning'inia kwenye kikapu ambacho hakijakwisha.

"Hii ikikauka ukiwa umefika hapa katikati, unafanyaje?"

Bi Edigna alimtazama kwa hasira, lakini lilikuwa swali la kazi yake. "Inakatika. Ndiyo maana kuna maji."

"Huwezi kuendelea kesho?"

"Kesho unatupa."

"Mama, kuna mtu anasukwa huko juu. Anaitwa Gaudensia Mtweve, mpishi wa shule yenu hapa Bonde. Figo yake imefika katikati kama kikapu hiki, na jua likizama inatupwa, na yeye hana milulu mingine. Anayejua msuko wake ni huyu hapa." Aligusa ukuta wa mtambo. "Ila mwenzake wa Juu hampokei, kwa sababu amekwenda na jina lisilo lake."

"Jina lake ni Skola."

"Muulize."

"Nimwulize nini?"

"Muulize yeye mwenyewe. Mimi Mngoni, naweza kudanganya. Yeye hawezi. Wewe umemzaa aliyemfundisha asidanganye."

Bi Edigna akaugeukia ukuta, akaweka mkono kifuani.

"Skola, mwanangu. Unamfahamu Gaudensia Mtweve?"

"Namfahamu, mama," sauti ilisema. "Nina ramani yake yote. Nimebisha hodi Juu mara nyingi tangu mchana. Sifunguliwi."

"Kwa nini hufunguliwi?"

"Hati yangu inasema Mtambuzi wa Bonde. Mimi ninajiita Skolastika. Aliyekuja si aliyeandikwa."

"Wewe si Skolastika?"

Mtambo ulivuma. Aloisi aliinamisha kichwa.

"Nimepewa niitwe hivyo," sauti ilisema, kwa upole ule ule, na mkwaruzo ule ule. "Mimi siye."

Bi Edigna hakulia. Alitazama kikapu kilichokuwa mapajani, akakizungusha kana kwamba anatafuta pale alipoanzia. Alipoongea, sauti yake ilikuwa kavu.

"Aloisi, wewe ulijua?"

"Sikujua kama litazuia, mama mkubwa. Nilitaka upumzike roho."

"Nimepumzika tangu asubuhi mpaka sasa. Siyo haba." Akamwangalia Osmunda. "Haya, mtani. Fanya kazi yako. Mkono wangu mimi hautafika."

Osmunda alisimama. Alitoka nje, akapanda juu ya kiti cha Aloisi, akakibandua kibao cha mlangoni, akakibana kwapani kama mwizi wa msibani anavyotakiwa afanye. Akarudi, akaketi mbele ya vitufe. Akaandika jina la zamani, herufi kwa herufi. Kabla hajalithibitisha, akageuka.

"Mama, jina ndilo linalozuia. Sauti haihusiani na hati. Sauti naweza kuiacha, ukitaka."

Hapo ndipo yule mama alipofumba macho. Osmunda alingoja, ingawa mwanga wa dirishani ulikuwa umeshageuka wa manjano, na kila kidole chake kilitaka kubonyeza.

"Iondoe," Bi Edigna alisema. "Ikiendelea kuniambia mimi siye kwa sauti yake, nitakuja hapa kila siku kumbembeleza akubali. Najijua."

Osmunda akabonyeza.

Mtambo ulinyamaza, hata mvumo wake. Kisha ukaanza tena, ukiwa mtupu, wa chuma. Sauti ngeni, isiyo ya mwanamke wala mwanamume, ikasema: "Mtambuzi wa Bonde, niko tayari."

"Bisha hodi Juu," Osmunda alisema.

Kwenye kioo maneno yalimiminika. Muhuri, sawa. Muda, sawa. Jina.

*Aliyekuja ndiye aliyeandikwa.*

Simu ililia kabla hajainuka. Alikuwa Daktari Mbilinyi, anaongea kama mtu anayekimbia. "Vimeanza! Osmunda, vidole vimeanza! Kingo zimenyauka kidogo, lakini anazifuma upya, anazifuma..." Na nyuma yake sauti ya mwanamke: "Ameshanikumbuka? Muulize samahani yangu iko wapi!"

"Huyo ndiye?" Bi Edigna aliuliza.

"Ndiye."

"Ana mdomo."

"Ni wa Bonde, mama. Mlitarajia nini?"

Osmunda alikaa sakafuni. Aloisi alikwenda kuleta maji. Chumbani walibaki wanawake wawili na mvumo ule mtupu. Baadaye, kwa sauti ndogo, kama mtu anayejaribu mlango ambao anajua umefungwa, Bi Edigna aliita.

"Skola."

Hakuna aliyeitika.

"Skola, mwanangu."

Mtambo ulivuma tu. Osmunda alitambaa mpaka kwenye kigoda, akaegemea mguu wa yule mama kama mtoto wa nyumbani.

"Usimwite, mama. Mwulize."

"Nimwulize nini tena?"

"Ulivyomwuliza habari za Gaudensia."

Bi Edigna alinyoosha mgongo, akauongelesha ule ukuta kama mtu aliyefika ofisini na shida yake.

"Wewe Mtambuzi. Unamfahamu Skolastika Kikoti?"

"Namfahamu," ilisema ile sauti ngeni, bila kusita. "Skolastika Kikoti, mzaliwa wa Kihesi Bonde. Mama yake ni Edigna. Ndiye aliyenijenga, yeye pamoja na Osmunda Gama. Amefariki."

Chozi lilimtoka yule mama wakati huo, moja, likadondokea kwenye bakuli la maji.

"Sema tena."

"Namfahamu," ilisema.

Osmunda aliinuka taratibu, akachukua koti lake, akakiweka kibao sawasawa kwapani. Alikuwa amefika mlangoni alipoitwa.

"Wewe Mngoni! Hicho kibao usikichome kuni. Tutakuja kukikomboa kwa jogoo."

"Majogoo wawili, na nile hapo hapo."

"Njaa ya Songea hiyo," Bi Edigna alisema. Alilowesha mlulu majini, akautafuta mwanya kwa kidole, akaendelea kuzungusha.